Mashine Iliyokuwa Ikikuandikia Wewe

Kaka Shamte,

Assalaam alaykum, wewe na wenzio mliotutangulia. Hapa Kibiti mvua inanyesha tangu asubuhi, na mie nimekaa kwenye kiti chako cha ofisini. Sijakizoea bado. Imebidi nikishushe, maana miguu yangu ilikuwa haifiki chini.

Najua barua hii haina pa kwenda. Lakini yapo mambo ya kazi ambayo hapa ofisini sina wa kumwambia akayaelewa kama wewe, na mengine si ya kazi. Nivumilie nikiyachanganya.

Tulikuzika kwenu Mohoro, kama ulivyotaka, karibu na mashamba ya mpunga. Watani hawakukuacha hata siku hiyo. Mmoja alijilaza mbele ya jeneza akasema haondoki mpaka apewe soda, kwa kuwa marehemu alimuahidi. Mama yako akacheka huku machozi yanamtoka. Mie sikuweza kucheka.

Ilipopita arobaini, mkuu wetu Bwana Mkumba akaagiza akaunti zako zifungwe. Simlaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba mtu akishaondoka, jina lake lisiachwe likifungua milango. Basi barua pepe yako ikafungwa, na jina lako likazimwa kwenye seva zote mbili, ya hapa na ile ya akiba kule Mtawanya. Siku hizo mie na mwenzetu Tatu tulikuwa Ikwiriri tukiandikisha kaya mpya kwa ajili ya ujumbe wa tahadhari ya mafuriko. Tuliporudi tukakuta kazi imekwisha, na kila kitu kinakwenda. Majuma yakapita kimya. Kimya kile, kaka, siku hizi nakiogopa.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Kila badiliko kwenye kanzidata huandikwa kwanza kwenye shajara, kisha ndipo huingia kwenye majedwali. Faili la shajara likijaa, nakala yake hupelekwa Mtawanya. Ikishafika salama, la hapa linafutwa. Kazi ya kupeleka ulikuwa umeifungia kwenye jina lako. Hakuna aliyeona ubaya, ulikuwa hai. Jina lilipozimwa, Mtawanya ikakataa kupokea. Na seva ya hapa, kwa kuwa Postgres, ile programu ya kanzidata yetu, haitupi kitu ambacho hakijafika, ikaanza kulimbikiza. Faili juu ya faili. Kila ilipokataliwa ilituma onyo, na maonyo yote yalikwenda kwenye barua pepe yako.

Mashine ilikuwa ikikuandikia wewe. Baadaye yule fundi wa mtandao alinifungulia sanduku lako nikayaona, yamejipanga, sentensi ile ile: imeshindikana, ruhusa imekataliwa. Imeshindikana, ruhusa imekataliwa. Nililia pale pale, mbele ya watu, na wakadhani nalia kwa ajili ya mashine.

Siku yenyewe ya mafuriko ilikuwa Alhamisi. Mvua za juu huko zilikuwa zimeshuka zote kwa pamoja. Bi Somoe, yule anayesoma kipimo cha mto kule Ngorongo, alipiga simu asubuhi. Si kawaida yake kupiga, yeye hutuma namba tu. Akaniambia, "Hawa, namba yangu haipokelewi. Nimetuma na kutuma. Na huku maji hayatungoji."

Nikafungua seva. Diski imejaa, Postgres imejizima. Majina yote ya watu wa bondeni, simu zao, vitongoji vyao, nani ana wagonjwa, nani hana mtumbwi, yote yamo ndani na hayafikiki. Nikajaribu seva ya akiba. Iliwaka vizuri, ila ilikuwa imesimama pale pale jina lako lilipozimwa. Kaya zote tulizoandikisha Ikwiriri hazikuwemo. Na mtambo wa kutuma ujumbe unasikiliza seva ya hapa tu. Wewe ulikuwa umepanga kuurekebisha baada ya Ramadhani.

Bwana Mkumba akaja akasimama nyuma yangu. Alikuwa ametoka kuongea na watu wa serikali ya kijiji, uso umemshuka. Akaona lile folda lililomeza diski nzima, akaniuliza kama hayo si mafaili ya kumbukumbu tu. Nikamwambia ni shajara.

"Basi yafute, Hawa. Tupate nafasi, ujumbe utoke. Watu wako mabondeni."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kibodi. Nisikufiche, nilitamani. Ni amri moja fupi tu. Ndipo nikakumbuka ile kompyuta mbovu uliyoniletea mwaka wangu wa kwanza. Uliweka humo kanzidata ya uongo, ukaniamuru nifute shajara yake, kisha ukaniambia, "Haya, iwashe sasa." Ukaenda zako kunywa chai ukaniacha nihangaike nayo hadi adhuhuri. Haikuwaka. Uliporudi hukunisimanga, ulisema tu, "Leo imekufa ya uongo. Umeshaiona sura yake."

Nikamwambia Bwana Mkumba, "Nikiyafuta haya, huenda isiamke tena. Na majina yamo humo."

Alikuwa na haki ya kunilazimisha, yeye ndiye mkuu. Mwishowe akasema, "Fanya unalolijua. Ila fanya upesi."

Nilichofanya ni kutafuta kitu kingine cha kutoa, kitu kisicho cha kanzidata. Zilikuwepo picha za nyumba, zile tulizopiga wakati wa kuandikisha, zimekaa kwenye diski hiyo hiyo. Nikaanza kuzihamishia kwenye diski ya pembeni. Nzito, kaka. Ile alama inasogea kama konokono. Tatu akashika simu akawapigia wajumbe wa vitongoji ambao namba zao anazijua kichwani. Mie nikampigia mama yako. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita. Mara ya tatu haikuita kabisa.

Adhuhuri ilipita sijaswali. Nafasi ilipopatikana nikaiwasha, ikaanza kujisomea shajara yake yote, taratibu, na mie sikuigusa. Ulisema mtu asiikatize inapojiponya. Ikaamka. Bi Somoe akatuma kipimo kikapokelewa, na ujumbe ukaanza kutoka, kijiji kwa kijiji, alasiri, wakati ulipaswa kutoka asubuhi.

Mama yako yupo hai. Nimechelewesha kukwambia kwa sababu hata mie nilicheleweshewa habari hiyo. Ile safu uliyoiongeza kwenye jedwali, ya watu wasioweza kutembea mbali, ndiyo iliyolifikisha jina lake kwa mjumbe. Walimfuata kwa mtumbwi, maji yameshaingia jikoni. Yupo hapa Kibiti kwa dada yako. Mbuzi wameondoka na maji wote.

Ila jirani yenu Mzee Ngwele hajaonekana. Alikuwa shambani, juu ya dungu lake, kile kichanja cha mlinzi, akiwinga ndege wasile mpunga. Ujumbe wake ulitoka, nimeuona, lakini simu yake haikuwa hewani. Mkewe anasema asubuhi alikuwa na chaji, maana waliongea. Hakusema zaidi ya hapo, wala mie sikumuuliza. Nimekuwa nikilibeba neno lile, asubuhi, kila niendako.

Na makaburini kwenu maji yamefika. Hatujui yamefanya nini, hakuna aliyeweza kwenda.

Tumebadilisha mambo. Kazi ya kupeleka shajara sasa ina akaunti yake ya ofisi, si ya mtu, na haina ruhusa nyingine yoyote. Maonyo yanakuja kwa watu watatu na kwenye simu. Diski ikifika robo tatu, inalia. Kabla ya kufunga jina la mtu yeyote, tunatafuta kwanza ni kazi zipi zinaendeshwa kwa jina hilo, na majedwali gani ni mali yake, tunamhamishia mwingine, kisha ndipo tunafunga. Shajara iko diski yake, picha ziko kwingine. Bwana Mkumba ndiye aliyesimamia hayo yote. Na kila mwezi mie na Tatu tunachukua bakapu, ile nakala ya akiba, tunairejesha kwenye mashine tupu, tunahesabu kaya. Ulikuwa ukiniambia, "Usiniambie bakapu ipo. Niambie umeirejesha." Sasa nawaambia wengine, kwa sauti yako kabisa, hata Tatu ananicheka.

Lakini sina raha. Toleo la Postgres ulilotuwekea limefika mwisho, waliolitengeneza hawaliletei tena viraka vya usalama. Kupandisha toleo inabidi tuizime seva kwa muda, na mto bado umejaa. Nikiizima kesho na maji yakaja kesho? Nikiiacha, mlango unabaki na kitasa kibovu. Kwenye kumbukumbu za seva naona watu nisiowajua wanajaribu nywila, wanajaribu, wanaondoka, wanarudi. Hawajaingia. Natamani nikuulize ungechagua lipi.

Na mama yako anataka kurudi Mohoro. Anasema nyumba haiachwi peke yake, na wewe pia huachwi peke yako. Jana alifunga kanga zake akakaa mlangoni anangoja gari. Dada yako ameficha viatu vyake.

Wasomaji wa vipimo wametuma za alasiri hii. Ngorongo imepanda tena, na mvua ya juu haijaisha. Ujumbe wa kwanza umeshatoka. Tatu ananiita, kuna kijiji hakijibu.

Basi niruhusu niende, kaka yangu. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akutanulie ulipolala, hata kama juu yako kuna maji. Nakuahidi mama yako harudi kule kabla mto haujashuka, hata ikibidi nilale mie mlangoni. Na ukishuka nitamfikisha kwako mwenyewe, tukurudishie udongo ulioondoka.

Mdogo wako wa kazini,
Hawa