Wazee Tulipokubali Njia ya Viboko

Mama Shija, mke wangu,

Huko Nzega mnaamkaje? Goti lako limepoa, au bado unalisingizia usiende kisimani? Mimi mzima, bado kijana. Wanawake wa huku Busisi wananiita babu kwa kuniogopa tu. Ila nina hofu mke wangu, na hii si katika zile hadithi zangu.

Lile shirika la misaada ninalolilindia lilikuja na mpango wa kuwasaidia watu waliofukuzwa majumbani na maji ya ziwa. Bosi wetu, mama mmoja wa Dodoma, akaita wazee wa ufukweni. Akasema, "Zamani tulipanga ofisini, tukawaletea. Sasa mnapanga ninyi. Mahema tukiyaweka hapa, panafaa?"

Si unawajua watu wetu? Mgeni katoka mbali, kanywesha watu soda, nani amwambie hapana usoni? Wazee wote, "Panafaa sana, mama!" Makofi. Yangu yalilia kuliko yote, mikono hii unaijua. Na hakuna mzee asiyejua kuwa viboko wanapita palepale wakitoka majini kwenda kula majani.

Mahema yakasimama. Juzi jioni kiboko kapita katikati, kaondoka na turubai shingoni kama bwana harusi. Mwenye hema, mama wa mapacha, bahati alikuwa katoka na wanawe kuchota maji. Mimi huyu niliyemfukuza simba kwa kandambili nilijikuta juu ya tenki la maji. Kushuka, nilishushwa.

Asubuhi nikamfuata bosi. "Mama, pale ni njia ya viboko."

Akashika kichwa. "Mzee wangu, mbona mlikubali wote?"

"Ulikuwa mgeni, mama."

"Na sasa?"

"Sasa umeshakula ugali wetu, unakatalika."

Hakucheka. Akasema wakubwa wake wanafuata neno la wazee, yeye peke yake hawezi kuhamisha mahema. Ataita mkutano tena leo saa kumi, na lazima mzee mmoja aanze kusema hapana mbele za watu. Akaniangalia mimi.

Mke wangu, mimi huku ni mtu wa kuja. Chumba ninamolala kanipa mwenyekiti wa wazee, na ndiye aliyetamka "panafaa" wa kwanza. Nimewapitia wazee wenzangu mmoja mmoja. Kila mmoja, "Anza wewe Baba Shija, sisi tuko nyuma yako." Nyuma wapi? Wakinyamaza nimekwisha, na mapacha wanalala tena njiani kwa viboko.

Sasa hivi viti vinapangwa. Yule mama amekaa mbele kabisa, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, ananitazama. Nitasema, hata nikisema peke yangu.

Shikamoo yangu mpe mama mkwe, tena umpigie magoti kwa niaba yangu. Msalimie shemeji mshona viatu, na Shija binti yetu na wanawe.

Ukiniona narudi na godoro kichwani, usiniulize kitu mbele ya majirani. Wewe songa ugali tu.

Mumeo,
Baba Shija