Mapigo Tisa kwa Katekista Hironimus

Umetimia mwaka mmoja leo, Babu, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Juni 1995 ulipotuachia kengele ya kanisa letu, kigango cha Mshangano, na kwenda kwa Yule uliyetuhubiria habari zake miaka thelathini na moja.

Familia imenipa mimi kazi ya kuandika kumbukumbu hii kwa sababu nasoma shule ya bweni na mwandiko wangu unasomeka. Shangazi Suzana alipinga. "Noela ataleta mzaha wake," alisema. Bibi Walburga akamjibu, "Mwache aandike. Marehemu alimzoea pamoja na mzaha wake." Basi naandika, Babu, nikiwa nimevaa sare na kupiga viatu rangi, ili uone kwamba nimekuja kwa nia njema.

Tunalikumbuka koti lako la kahawia lenye vifungo vinne visivyofanana hata kimoja. Tunakumbuka ulivyokata mahindi ya kuchoma katikati na kumpa mwenzako upande wenye punje nyingi, halafu ukadai kwamba meno yako hayapendi kazi.

Tunakumbuka zaidi Jumamosi za kitubio. Padre alipofika kigangoni, watu wote waligundua ghafla kwamba wana kazi shambani. Ulikuwa unakwenda kusimama wa kwanza kwenye foleni, mbele ya macho ya watu, na ukiingia ulikaa muda mrefu. Wapo waliosema kwamba ulikuwa unamweleza Padre habari za paa linalovuja. Siku moja nilikuuliza. Ukaniambia, "Nikikaa sana, anayenifuata anaona dhambi zake ni chache, anaingia bila hofu. Mungu hachoki kusamehe, Noela. Wanaochoka ni wanaosubiri kwenye foleni."

Ulituambia kwamba hakuna mwenye dhambi ambaye mlango umefungwa kwake. Ila wewe mwenyewe, Babu, ulikuwa na mlango mmoja ulioufunga, na kwa kuwa uongo umenigharimu sana, sitauficha mlango huo hapa.

Biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, mdogo wako Crispin alifungua grosari barabarani, hatua chache kutoka kanisani. Aliweka kreti za bia, viti sita na redio kaseti kubwa, na Jumapili muziki wake ulikuwa unaingia kanisani katikati ya Nasadiki. Ungeweza kwenda kuzungumza naye. Badala yake ulisimama mbele ya waumini wote ukasema, "Yupo mtu wa tumbo moja na mimi anayempangia shetani viti." Alikuwa ameketi benchi la tatu. Akainuka, akatoka, na kwa miaka minane hakukanyaga kanisani wala kwenu. Mlikuwa mnapishana barabarani kila mmoja akitazama shamba lake.

Sasa nafika kwangu.

Mwaka 1994 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe mosi Aprili. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo ya Pasaka, na shuleni kwetu Siku ya Wajinga haikuwa inapita hivihivi. Kengele yako, ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mparachichi, nilikuwa naijua kama jina langu: mapigo ya harakaharaka kwa ibada, na kwa msiba mapigo ya polepole, saba kwa mwanamke, tisa kwa mwanamume. Mtoto yeyote wa Mshangano anajua pia kwamba tangu Alhamisi Kuu jioni hadi kesha la Pasaka kengele hailii kabisa. Watu huitwa kwa kugonganisha vibao.

Mchana ule nilichukua kipande chako cha nondo dirishani, nikaenda kwenye mparachichi, nikapiga tisa. Polepole, kila pigo nikilisubiri life, kama ulivyonifundisha. Nilitaka tu kuona ni watu wangapi watakimbia.

Walikimbia wote, na hesabu yao ilikuwa moja: katekista Hironimus hawezi kupiga kengele Ijumaa Kuu hata akatwe mkono. Kwa hiyo, kama kengele imelia, aliyekufa ni katekista Hironimus.

Waliingia uani wakilia, kanga viunoni, na Mama Judica, jirani yetu, akiwa na unga kichwani. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba ukinyoa ndevu kwa ajili ya ibada ya saa tisa. Ukatokea pembeni ya jiko na povu jeupe nusu ya uso, wembe mkononi, ukauliza, "Nani amefariki?"

Mama Judica aliutupa unga.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, nikiuma kanga ili nisicheke. Ndipo akaja Babu Crispin. Alikuja mbio na koleo begani, shati amelifunga vibaya, hakutazama mtu. Alipiga magoti mlangoni pa nyumba akaanza kusema na mlango: "Kaka, umeondoka hatujasemezana. Ningezima redio, kaka. Ungeniambia tu, ningezima."

Wewe ulisogea nyuma yake, ukasema kwa sauti ndogo, "Crispin."

Aligeuka. Akakuona, na povu lako. Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata, maana waliolia bure huwa wanacheka kwa hasira. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka.

"Kumbe mnanichezea," alisema Babu Crispin. "Miaka minane, halafu mnanichezea." Aliacha koleo palepale akaondoka.

Hukuuliza nani amepiga. Ulikuja moja kwa moja nyuma ya ghala.

"Toka."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Saa ngapi sasa?"

"Saa nane, Babu."

"Saa tisa ni Njia ya Msalaba na ibada. Mimi namfuata mdogo wangu. Wewe umewaita watu, wewe utawasalisha."

"Babu, mimi? Watanipiga!"

"Basi utasali kwa bidii."

Ukafuta povu kwa mkono wa koti, ukachukua koleo, ukaenda kwenye grosari. Katekista, Ijumaa Kuu, saa tisa. Mshangano haijamaliza kulisema jambo hilo hadi leo.

Nilisalisha vituo vyote kumi na vinne, Babu, mbele ya watu waliobeba kuni za msiba wangu wa uongo. Kituo cha kwanza, Yesu anahukumiwa, wote walinitazama mimi. Kufika cha kumi na mbili sauti ilikuwa imekwisha, na Mama Judica, bado mweupe kwa unga, alikuja kunishikia kitabu.

Grosarini mlikaaje, mlisema nini, hukutuambia. Bibi aliambiwa na wapita njia kwamba Crispin alikupa soda, na kwa kuwa ulikuwa umefunga uliishika tu mkononi hadi ikawa ya moto. Jua lilikuwa bado halijazama uliporudi. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, palepale alipopiga Babu Crispin.

"Umesali vituo vyote?"

"Vyote, Babu."

"Yesu anaanguka mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na anainuka mara ngapi?"

Nikakujibu kwamba mara tatu.

"Haya, inuka. Mihogo ipo jikoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote. Nilisubiri fimbo likizo nzima, haikuja. Siku ya kurudi shule ulinipa ile nondo niishike, ukasema, "Siku yangu mimi, upige wewe. Unajua kupiga vizuri." Nilidhani unanitania. Sasa najua kwamba ulikuwa unanirudishia mkono wangu.

Tangu Pasaka ile Babu Crispin alifungua grosari yake Jumapili saa tano, baada ya ibada, na jioni mlikaa pamoja mkibishana habari za mvua. Kwako alikuwa amerudi, ila kwangu hapana. Kila likizo nilimwamkia, "Shikamoo, Babu Crispin," naye alitazama kuku waliokuwa nyuma yangu. Nilikwenda kitubioni, nikapewa ondoleo na malipizi, nikayatimiza. Nilikulalamikia: Mungu amenisamehe, kwa nini yeye hataki? Ukaniambia, "Mungu hakuwa amepiga magoti mlangoni siku ile watu wakamcheka. Mwamkie tu. Usiache." Nikaendelea kumwamkia. Kuku wa Mshangano hakuna aliyesalimiwa kwa heshima kama wao.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa kifua, wiki mbili tu. Asubuhi ya tarehe 14, nikiwa nyumbani kwa likizo, Bibi alikufumba macho, akatoka nje, akaniambia, "Kapige."

"Bibi, nisipige mimi. Apige mtu mwingine."

"Alisema wewe."

Nikaenda kwenye mparachichi, nikapiga tisa. Kila pigo nililisubiri life. Nikasimama.

Hakuja mtu.

Barabara ilikuwa nyeupe, tupu. Mama Judica alichungulia juu ya ua akanyanyua kidole: "Noela, safari hii umechelewa. Siku ya Wajinga ilikuwa Aprili!" Akarudi ndani kabla sijamjibu. Ulikuwa umelala ndani, Babu, wewe uliyewaitia watu misiba ya wengine miaka thelathini na moja, na wako ulikuwa unakosa watu kwa sababu yangu. Kusamehewa nilikuwa nimesamehewa. Kuaminiwa kulikuwa bado, na wa kulipia ulikuwa wewe.

Ndipo nikamwona Babu Crispin anapanda barabara, koleo begani. Safari hii hakukimbia. Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

"Shikamoo, Babu Crispin," nilisema. "Safari hii ni kweli. Naapa ni kweli."

"Sijakuuliza," alisema.

"Na ingekuwa uongo?"

"Ningekuwa nimekuja." Alitazama nyumba, akatazama miguu yake. "Siku ile nilikuja kwa uongo wako nikampata ndugu yangu. Mwaka mzima nimekaa naye. Nilikuwa nakukasirikia, na jioni nakwenda kunywa chai kwake. Lete hicho chuma."

Nikampa nondo. Mtu aliyetolewa kanisani kwa maneno yako, muuza bia, alivua kofia akaipiga kengele yako. Alipiga vibaya, Babu, la nne na la tano aliyabananisha, ungemkemea. Ila Mshangano nzima ilisikia kwamba huo si mkono wa Noela. Kabla ya pigo la tisa Mama Judica alikuwa ameanza kulia, na milango ikawa inafunguka hadi kule bondeni.

Watu walipoanza kuingia uani, Babu Crispin alinirudishia nondo mkononi, akanifungia vidole juu yake.

"Marahaba," alisema.

Jumapili hii, tarehe 16, kutakuwa na Misa ya kukuombea hapohapo kigangoni. Padre ataketi kitubioni kuanzia saa moja asubuhi. Wanaoogopa foleni waje bila hofu, kwa kuwa Babu Crispin atakuwa wa kwanza, na siku hizi anakaa sana. Grosari itafungwa siku nzima.

Unakumbukwa na mkeo Walburga. Mdogo wako Crispin. Binti yako Suzana wa Mjimwema, ambaye amesoma tangazo hili na kufuta mistari miwili tu. Mwanao Romanus na familia yake, Namtumbo. Waumini wote wa kigango cha Mshangano, na Mama Judica, ambaye unga wake tulishamrudishia. Na mimi mjukuu wako Noela, ninayetunza nondo dirishani na kuigusa siku za ibada peke yake.

Kengele ikilia tutakukumbuka, Babu. Na Ijumaa Kuu, isipolia, tutakukumbuka zaidi.