Mabua Yangu Yamelowa Majivu, Mbona Ng'ombe Hawanenepi?

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa heshima, na baada ya salamu nisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa mume wangu Zahoro amesema siku hiyo atawapeleka ng'ombe wangu wawili kwa kaka yake kule Mkongani, na wakienda huko najua hawarudi, na ng'ombe hao sikurithi wala sikupewa, nimewapata kwa kusuka mikeka arobaini na sita kwa vidole hivi. Jua limemaliza majani yote hapa Munje, yamebaki mabua ya mahindi, wanayatafuna kutwa na mbavu zinahesabika. Jirani yangu Mwongeli, aliyehamia hapa kutoka Ukambani mwaka wa Uhuru, akanifundisha kuyakatakata, kuyalowesha siku moja katika maji ya majivu, kuyasuuza, kisha kuwapa. Nikafanya vile vile, madebe mawili ya majivu kwa pipa, nikasuuza mara tatu, nikayaanika juani siku nne nikayaweka ghalani kwa mpango, kwani mimi si mtu wa kulisha vitu vinavyochuruzika maji kama yeye. Wiki tatu, mshauri! Maziwa ni chupa moja na nusu ile ile, na ng'ombe wa Mwongeli ametoka moja na nusu kafika tatu. Hasira zikanipanda, nikamwambia kisimani mbele za watu, "Mwongeli, umenificha dawa, umenipa jivu tupu!" Akajibu, "Dada, nilikupa yote niliyo nayo," akajitwika mtungi akaenda, na hasemi nami tena. Zahoro naye ananicheka: "Mke wangu, leo umewapikia pilau ya jivu?" Je, niwaache waende?

Mwanafatuma, Munje

Bi Mwanafatuma, wasiende popote. Pole kwa kiangazi, lakini kosa ni lako, nawe umeliandika mwenyewe bila kuliona: uliyaanika!

Najua, sisi watu wa pwani tunaanika kila kitu, nazi, muhogo, hata papa. Bua si papa. Chakula kimo katika nyuzi zake, nazo zimegandishwa kwa gundi ngumu. Tumboni mwa ng'ombe mna chachu ya kuzisaga, ila chachu hiyo haifanyi kazi kwa mbali, sharti iung'ang'anie uzi kama kupe. Gundi huizuia, na chachu nyingine hunasa kwenye gundi yenyewe ikapotea bure. Majivu hulegeza gundi, uzi ukavimba ukafunguka vijitundu, chachu ikapata pa kushika. Ukianika, vijitundu hufumba, na ukilowesha tena havifunguki vyote. Ulifungua mlango kwa jasho, ukaufunga kwa unadhifu.

Basi lowesha ya kesho tu. Suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni, uwape yangali mabichi, pamoja na majani ya kunde, hata makavu, ukiyapata, na chumvi kidogo. Mwombe Zahoro siku ishirini na moja, na apime yeye mwenyewe kwa chupa ile ile.

Lakini kwanza nenda kisimani. Uliyasema mbele za watu, yafute mbele za watu wale wale. Na siku maziwa yatakapopita chupa moja na nusu, kile kilichozidi usikitie kwenye chai yako: ni cha Mwongeli.