Nyumba ya Mwandiga, Mti wa Melania

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimekwenda Mwandiga kuangalia nyumba. Mimi! Mtu wa Ujiji, miaka arobaini na tisa, Mwandiga naijua kwa dirisha la basi tu, nikipita kwenda Kasulu. Dukani nimeaga kwamba nakwenda kupima sare za shule. Nyumbani nimeaga hivyohivyo. Uongo mmoja, matumizi mawili.

Nyumba ni ya mwalimu Wilfred. Amehamishiwa Kibondo, na mkewe ameshatangulia. Vyumba vitatu, sebule, bati la bluu, choo cha ndani (!!), sakafu ya saruji imesuguliwa mpaka unajiona. Uani kuna mchikichi mmoja mnene, umejaa mikungu. Nimeupenda palepale. Nikajiona naunga samaki kwa mawese ya nyumbani kwangu. Wilfred ananionyesha swichi moja moja — washa, zima, washa, zima — utadhani anauza umeme, si nyumba.

Lakini nilichopenda hasa ni mlango wa mbele. Una komeo kwa ndani. Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Wilfred alidhani nakagua kutu.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Hapa hakuna atakayesoma. Wote wanajua humu mna viuno vya watu tu.

Jumapili, 6 Julai

Nyumba yetu ya Ujiji ni ya urithi. Yumo kaka Khamisi, mkewe Shadia, watoto wao watano, mama yake Shadia aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi, na mimi. Chumba changu ndiyo njia ya stoo. Anayetaka unga anapita kwangu. Anayetaka mkaa anapita kwangu. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi, mwaka wa kumi na mbili huu, sijawahi kubadili nguo bila mtu kuuliza ndoo iko wapi.

Na sasa Swaibu, mtoto mkubwa wa Khamisi, anaoa Agosti. Leo nimemkuta Shadia chumbani kwangu na futi yangu ya kushonea — futi yangu! — anapima dirisha. Kasema anapima pazia tu. Halafu akaongeza, wifi, wewe uko peke yako, huna mambo mengi, utalala na mama kule nyuma.

Peke yako. Kwetu neno hilo linatamkwa kama ugonjwa. Sina mtoto, kwa hiyo sihitaji dirisha.

Nilichukua futi yangu nikaenda kufua.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu. Wilfred kanipa ufunguo, kasema nenda kakae na nyumba yenyewe mzoeane. Nimekwenda na mkeka na chupa ya chai. Nikakaa sebuleni, katikati, peke yangu. Kimya! Saa nzima hakuna aliyeniita. Nikaimba kidogo. Sauti yangu ndani ya nyumba tupu ni nzuri kuliko nilivyodhani.

Mara naangalia dirishani — mwanamke uani! Mtu mzima, kitenge kakifunga kibwebwe, karai kichwani, mkononi mwanzi mrefu wenye mundu kwenye ncha. Amepita kwenye pengo la uzio wa minyaa kana kwamba anaingia jikoni kwake. Nikatoka mbio, Mwizi! Naye akapiga kelele, Mwizi! Tukatazamana. Akauliza nani kaniingiza humu. Nikamuuliza hivyohivyo. Mimi nina kikombe cha chai, yeye ana mundu. Nikapunguza sauti.

Kumbe ndiye jirani. Anaitwa Melania. Na mchikichi ni wake.

Wake! Uani kwangu! Yaani, uani kwa Wilfred. Nikampigia simu palepale. Hana hata wasiwasi. Eti, ah, Mama, mti hauko kwenye bei. Kiwanja kiliuzwa na marehemu baba yake Melania. Akauza ardhi, mti akambakizia binti. Huku ardhi inaweza kuwa ya mtu na mti ukawa wa mtu mwingine, kila mtu anajua. Kila mtu! Mimi nimejua leo, mbele ya mundu.

Huku nyuma Melania keshakata mkungu, umeanguka puu, amejitwisha, ameondoka. Hakuaga.

Jumatano, 9 Julai

Nimeacha. Sinunui. Nikimbie njia ya stoo, nikanunue njia ya mchikichi? Kichaa mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Sijaacha.

Nimekwenda kuona nyingine Gungu. Choo mnachangia familia tatu. Ahsante, kwaheri.

Jioni kanipigia Mwenyekiti Adolf wa kule Mwandiga, Wilfred kampa namba. Mtu wa taratibu sana, anaongea kama anaandika. Kasema kama bado nina nia, nijue kwamba kwenye mauziano majirani wote wa mipaka wanasaini. Wawili hawana neno. Melania hasaini mpaka mti wake uandikwe kwenye karatasi. Na amesema anataka kwanza kuniona. Si ameshaniona! Eti anataka kuniona nimetulia.

Kumbe nyumba inauzwa na mmoja, lakini kukubaliwa ni kwa mwingine.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi nimepita mwalo wa samaki wa Katonga, nikachukua migebuka minne mibichi, nikapanda bodaboda mpaka kwa Melania. Kichwani nina hotuba nzima. Haki ya mnunuzi, uzio, faragha — hata neno faragha nilikuwa nalo tayari.

Hotuba haikupata nafasi. Waha wakikusalimia wanakusalimia kweli. Nimesema Shikamoo, kaitika, kisha kaanza kupiga makofi polepole, Mwakeye, mwakeye, na wa nyumbani, na kazi, na safari, na mguu wangu niliojikwaa kwenye kizingiti chake — aliuona! — unaendeleaje. Mpaka tunamaliza, hasira imeshapoa na samaki wanaanza kulainika.

Mwenyewe akaanza.

"Mimi naja mara mbili kwa mwezi, mkungu ukiiva. Siku nyingine sina haja nawe."

Nikamwambia nataka hodi. Hodi ya getini, si kunitokea kwenye minyaa.

"Ego, sawa, hodi utapata. Nawe usifunge kamba ya nguo kwenye mti wangu. Wilfred alifunga. Usichome takataka chini yake. Na chikichi zikidondoka usiokote."

Zikidondoka mlangoni kwangu nisiokote? Hapo ndipo tulipobishana. Nusu saa nzima, juu ya zilizodondoka! Akainuka, akakaa, akaniita mbishi, akamwita jirani aje asikie mtu wa Ujiji anavyobisha. Nikagundua ninacheka. Naye anacheka. Mwisho tumekubaliana: zilizo mtini zake, zilizodondoka zangu, na ni marufuku mimi kutikisa.

Halafu kaniuliza nina watoto wangapi. Nikajikaza, maana najua kinachofuata. Nikasema sina.

Akamgeuza mgebuka mmoja, akamtazama mashavu.

"Basi vyumba vitatu vitakutosha. Hicho cha barabarani weka cherehani. Wateja wakuone wakipita."

Basi! Hakuna pole. Hakuna Mungu hajakusahau. Hakuna umejaribu dawa ya fulani. Kachukua kisu akaanza kupara samaki. Nimerudi nikilia nyuma ya bodaboda, kilio cha raha tu, sijui hata kilitoka wapi. Dereva kauliza, Mama, ni vumbi? Nikasema vumbi.

Jumanne, 15 Julai

Nanunua. Nimewaambia Wilfred na Mwenyekiti. Jumamosi tunasaini.

Nyumbani sijamwambia mtu. Kila nikifungua mdomo anatokea mtu anataka unga.

Ijumaa, 18 Julai

Pazia limetundikwa. Chumbani kwangu, mimi nikiwa kazini. Rangi ya zambarau, maua makubwa, la maharusi. Nimelala chini ya maua ya watu. Na limeshonwa vibaya, pindo limekwenda upande. Mshonaji yumo humuhumu ndani na hawakumwomba.

Khamisi alinikuta nalitazama. Akasimama mlangoni, akakohoa, akauliza nimekula. Nikasema nimekula. Alitaka kusema kitu. Nami nilitaka. Kisha mmoja wa watoto akapita katikati yetu kwenda kuchukua mkaa.

Jumamosi, 19 Julai

Niko kwenye benchi, ofisini kwa Mwenyekiti Adolf. Saa sita na robo mchana. Naandika kwa sababu nisipoandika nitakula kucha.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Wilfred yupo. Melania yupo, amevaa kitenge cha kanisani. Majirani wengine wawili wamesaini wakaenda zao shambani. Karatasi imeandikwa kwa mkono, imerudiwa mara tatu, maana kifungu cha mti kimekuwa kirefu kuliko cha nyumba. Zilizodondoka zimo.

Nimeshapewa kalamu. Mwenyekiti akasema, bado shahidi wa mnunuzi. Mume? Sina. Mtoto? Sina. Ndugu basi? Ninao, wengi mno. Akasema hapa wameona mengi: mtu ananunua kimyakimya, mwaka haujaisha ndugu wanakuja kudai kwamba ni mali ya ukoo. Aje ndugu mmoja aone kwa macho yake. Melania akanyanyua mkono — niandikeni mimi! Akaambiwa yeye ana mpaka, hawezi kukaa pande mbili. Akanuna kwa niaba yangu.

Nikampigia Khamisi. Nikamwaga yote kwa pumzi moja: nyumba, Mwandiga, karatasi, choo cha ndani. Sijui kwa nini nilitaja choo.

Khamisi akauliza kimoja tu.

"Mwandiga ipi?"

Ziko ngapi! Nikamwelekeza. Nikasikia anamwambia Shadia, na Shadia akasema kitu, kirefu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kujua kwamba anayo. Kisha Khamisi akarudi.

"Usisaini. Kaa hapohapo. Tunakuja."

Tunakuja. Hakusema nakuja.

Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu. Kutoka Ujiji mpaka hapa hata ukisukuma baiskeli unafika. Nimempigia tena, hapokei. Wilfred amesinzia. Melania kanipa muhindi wa kuchoma, umepoa mkononi.

Nimejiambia: akija kunizuia, nasaini mbele yake. Nimelirudia hilo mara nyingi na ninalimaanisha. Lakini kuna jingine limenijia hapa kwenye benchi, na sikulitegemea. Je, asiponizuia? Afike, asaini, anipe mkono, aseme haya, kila la heri, arudi Ujiji akale? Hilo linaniuma zaidi! Miaka kumi na miwili nimeomba niondoke pale. Sikuwahi kufikiri kwamba naogopa waone nafuu nikiondoka.

Kuna gari. Nimesimama kuchungulia.

Kirikuu, ile ya kubebea matofali ya jirani yetu. Khamisi yuko mbele, amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi. Nyuma wamejaa watu, nafikiri nyumba nzima, na Shadia amekaa juu ya godoro. Godoro langu! Na hizo mbao zilizofungwa kamba ni kitanda changu, wamekifungua chote. Shadia ameinua mkono. Ananipungia, au anashika mtandio usipeperuke, kwa hapa siwezi kujua. Sijui kama wamenileta au wamenitoa. Naogopa na nacheka, vyote kwa pamoja.

Melania naye amekuja dirishani. Mwenyekiti ameacha karatasi zake, anaangalia nje, anauliza, Bi Mwamini, hao ndio ndugu zako? Nimesema ndio. Kauliza tena, sasa mbona wamekuja na kitanda kabla hujasaini?

Nimemwambia anisubiri, namalizia kuandika.