Kisima Mahali Fimbo Ilikataa

Noonkopir, Kitengela
Mwezi wa sita, 1999

Kwako mke wangu, Mama Kyalo,

Mimi mume wako niko na miaka sabini na moja na meno yangu bado yanavunja mahindi ya kuchoma. Nimedumu kuliko serikali ya mkoloni, kuliko njaa ya Nikwa Ngwete, ile ya watu kufa na pesa mkononi, kuliko ile mvua ya El Nino iliyobeba choo cha jirani kikiwa kizima, na nimewazika wachimba visima wanne walionicheka nikianza kazi. Kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda usifikiri ni uzee. Ni darasa la tatu. Niliishia hapo, unajua.

Habari za nyumbani? Goti lako limepoa, ama bado linalia ukipanda kutoka mtoni? Ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi niko salama, ninakula, na nimekuwa mtu wa falsafa. Usicheke. Keti kwanza.

Nilikuambia Krismasi habari ya Mwalimu Wafula, yule mtu wa Bungoma anayepanga mlango wa pili kutoka kwangu, anafundisha sayansi sekondari. Mpole, lakini maswali hayamwishi mdomoni. Mwezi wa tatu Mzee ole Nkapiani, mwenye boma kule nje ya mji kando ya korongo, alikuja kunitafuta.

"Supa, Mkamba. Naambiwa fimbo yako inasikia maji."

"Ipa," nikamjibu salamu yake ya Kimaasai. "Haisikii. Inaona."

Jumamosi nikaenda na fimbo yangu ya panda, ile baba aliniachia, na mwalimu akanifuata kunyoosha miguu. Nikatembea pole pole kama baba alivyonifundisha, fimbo ikainama karibu na mgunga. Nikapiga kigingi. Nikatembea upande wa zizi, fimbo ikakataa kabisa, ikanyooka kama askari. Nikasema, hapa ni mawe matupu mpaka kuzimu.

"Mzee," mwalimu akasema, "umechimba visima vingapi na hiyo fimbo?"

"Ishirini na sita."

"Vyote viko na maji?"

"Ishirini na mbili. Vile vinne wenyewe walikuwa na kijicho."

"Na mahali fimbo ilikataa, umechimba vingapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Unajua mimi nikishika vidole kuna jambo. Hakuna hata kimoja! Sheria ya baba ilikuwa hiyo: fimbo ikikataa, hapo hapaguswi, ukigusa inakasirika na kuacha kazi.

"Sasa utajuaje kama hapo hapana maji?"

"Kwa sababu fimbo imekataa."

"Na utajuaje fimbo inasema kweli?"

"Kwa sababu ikikubali huwa kuna maji."

Ole Nkapiani akacheka mpaka rungu ikamponyoka. "Mkamba, unazunguka kama ndama aliyefungwa kwa mti!"

Mwalimu akaomba shuka la mke wa mzee, anifunge macho nipite tena. Ati kama fimbo inajua maji, itainama pale pale penye kigingi. Nilikubali kwa sababu mimi siogopi mtu. Nikapita mara tatu. Mara ya kwanza ikainama mbali na mgunga. Mara ya pili mbali zaidi. Mara ya tatu nikasikia yule mama anapiga kelele kwa furaha. Nilipofungua macho fimbo ilikuwa inaonyesha chungu cha uji. Niliwaambia shuka lilinuka mbuzi, fimbo ikachanganyikiwa. Hawakuniamini. Hata mimi nilijiamini nusu.

Ole Nkapiani ndiye alikata maneno. "Chimba mbili. Moja mahali imekubali, moja mahali imekataa. Ng'ombe zangu hazijali ni gani."

Siku tulizochimba, mwalimu alikuwa anakuja jioni baada ya shule, anakaa juu ya udongo na kunipa hadithi za wazee wa maswali. Alisema kulikuwa na Mgiriki wa kale sana, alitaka kujua kifaranga kinaanzaje, kwa hivyo alipasua yai moja kila siku tangu kuku akalie mpaka kuangua. Nilihuzunikia mayai lakini nikamheshimu. Kukawa na msomi Mwarabu, mtu wa kuchunguza mwanga, alisema hata maneno ya wazee wakubwa ni lazima yahojiwe, mtu asiyameze tu. Hapo nilimkumbuka baba na roho ikaniuma kidogo. Halafu jaji mmoja wa Uingereza zamani akaandika kwamba akili ya mtu inapenda kuhesabu ndiyo, inasahau hapana. Ukitaka ukweli nenda ukatafute hapana. Nikamuuliza, "Huyo jaji alikuwa amenijua mimi?"

Lakini usifikiri nilikaa tu kama mwanafunzi. Siku moja nilimshika mwalimu kwa maneno yake. Alisema hata visima elfu vikitoa maji, cha elfu na moja hakijakuahidi kitu. Nikamwambia, "Basi na jua pia. Limetoka kila siku ya maisha yangu. Unataka kuniambia kesho halitoki?"

Mwalimu akasimama. Akaniambia, "Mzee, swali hilo aliliuliza Mskoti mmoja, akaandika vitabu, na mpaka leo wasomi wanapigania jibu." Umeona? Mskoti alitumia vitabu. Mimi nilikuwa ndani ya shimo, futi kumi na nane, na jembe mkononi.

Sasa maji. Shimo la fimbo lilitoa maji futi thelathini na tatu. Nilipiga ngoma kwa ndoo, nikaimba, nikamwita mwalimu mtoto wa juzi. Wiki mbili baadaye shimo la zizini, lile la mawe mpaka kuzimu, likatoa maji futi thelathini na moja. Na ni matamu kuliko ya kwanza! Ole Nkapiani aliyaonja, akanyunyiza mengine kwa ng'ombe wake akiwabariki, akaniambia, "Fimbo yako ni mtu mzuri, lakini haijui kitu." Tulicheka sote, na mimi nikacheka kuwashinda. Korongo ndilo lilikuwa linalisha shimo zote mbili. Miaka yote nimekuwa nikitembea karibu na mabonde halafu ninapongeza kijiti.

Mama Kyalo, nimecheka, halafu nikarudi chumba changu cha kupanga nikashindwa kula. Nilikumbuka mwaka wa Nikwa Ngwete. Ulisimama nyuma ya jiko, chini ya mkuyu, ukasema, "Baba Kyalo, huu mti mbona ni kijani kama haujui kuna njaa? Kila mkuyu ninaoujua uko karibu na maji. Chimba hapa." Nikaleta fimbo, ikakataa, nikakuambia mwanamke hafundishi mchimba kisima kazi. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na tano unateremka mtoni kufukua mchanga upate maji, na mkwa, ile kamba ya kubebea mtungi, umechora mstari kwenye paji lako. Mimi huwa naona huo mstari kila nikija likizo. Huwa nasema ni uzee.

Nilimwambia mwalimu maneno yako ya mkuyu. Akasema, "Huyo mama alifanya kazi ya wale wazee wote: aliangalia mti mmoja mmoja, akafikia jambo, akaomba lijaribiwe." Nikamwambia ndiyo, mimi najua kuchagua mke.

Kwa hivyo sikiliza. Ninakuja mwezi wa nane. Usiite mchimba mwingine, hao watoto wanachimba mashimo ya panya. Nenda nyuma ya jiko, chagua mahali wewe mwenyewe, uweke jiwe. Nitachimba penye jiwe. Fimbo sitakuja nayo, imekuwa ya kushikilia kamba ya nguo hapa. Labda mkuyu nao unadanganya, mwalimu anasema ni lazima nikubali hivyo kabla ya kuanza. Pakiwa pakavu, utasogeza jiwe na nitachimba tena, na sitasema neno. Nimeandika hapa ili unishike nalo.

Nisalimie dada yangu mwimbaji wa kanisa, na shemeji fundi wa baiskeli, na mama mkwe wa Kyalo anayesema mimi ni mbishi. Mwambie nimepunguza.

Kama unaona nimeongeza chumvi, uliza Mwalimu Wafula, uliza ole Nkapiani, na mke wake ambaye mpaka leo ananikaribisha uji akificha chungu. Lakini kuhusu mkuyu nina shahidi mmoja tu, na ni wewe. Ulisema. Nilikuwepo, nilisikia.

Ni mimi mume wako,
Baba Kyalo, mchimba visima ishirini na nane