Sauti ya Mama Imepatikana

Kyebando, Kampala
Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Mpendwa dada Zulaikha,

Asalaam alaykum warahmatullah. Hujambo dada yangu, na wote hapo Kibra hawajambo? Goti lako bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na bibi harusi wetu Husnah, anakula vizuri au anajikondesha ili gauni limkae? Mwambie aache. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ingawa mvua haitupi nafasi ya kuanika hata leso.

Sasa kaa chini. Ndani ya bahasha hii kuna flashi imefungwa kwenye kitambaa. Humo yumo mama yetu. Dua yake aliyomwachia Husnah kwa siku ya ndoa, yote imo, tangu bismillahi hadi amina. Nimeshinda, Zulaikha! Nimeishinda mashine, nimeyashinda mafuriko, na nimewashinda wanaume wawili.

Najua ulinuna nilipokuwa nakwepa simu zako. Ukweli ni kwamba ile laptop tuliyomrekodia Mama akiwa kitandani ilikufa. Shemeji yako Hamim aliibeba kwenda nayo dukani kwake Bwaise ili atazame mpira, kisha akaiacha sakafuni. Sakafuni, Bwaise, msimu wa mvua! Maji yalipoingia yaliikuta inayasubiri.

Siku hiyo sikulia. Nilijua nina bekapu: kila tulichorekodi kilikuwa kinapanda chenyewe mtandaoni, huko wanakoita kwenye wingu, na nakala ilibaki huko hata laptop ikizama. Nilimwangalia Hamim kwa majivuno kabisa. Tukapata laptop nyingine, kuukuu lakini nzima, nikaingiza anwani yangu ya barua pepe, ile ninayotumia kwenye simu. Ikafunguka vizuri. Wingu lilikuwa tupu. Hakuna bekapu, ikaandika, kana kwamba sijawahi kuweka kitu maishani mwangu.

Hapo ndipo nilipolia.

Hamim akasema ni mtandao, akaongeza bando. Tupu. Nikaizima na kuiwasha mpaka kidole kikauma. Nikaipeleka kwa Ssemakula, fundi wa hapa kwetu Kyebando, yule aliyeniuzia laptop ya kwanza na kunitengenezea kila kitu. Akakuta tarehe ya mashine iko nyuma miaka mingi, akairekebisha, nikapata moyo. Bado tupu. Akaifuta programu na kuiweka upya. Tupu vilevile. Mwishowe akaanza kunipa pole: labda bekapu ilikuwa inafeli zamani, labda hakuna kilichowahi kupanda. Hamim naye anatikisa kichwa kama mtaalamu. Nilimfikiria Husnah akitolewa nyumbani bila kusikia neno ambalo bibi yake alimwahidi, nikataka kuwapiga wote wawili.

Nilikuwa nakusanya waya zangu niondoke, Ssemakula akaniambia kwa huruma na heshima ya Kiganda: “Nnyabo Nuliat, pole sana. Hii kitu tuache tu.”

Nuliat! Unajua vita vyangu na Waganda juu ya hiyo R ya jina langu wanayoigeuza L tangu shule ya msingi. Nikafungua mdomo nimsahihishe kama kawaida, wazo likanijia. Nikamuuliza ile siku ya kwanza nani aliifungulia laptop anwani ya barua pepe. Yeye. Mimi nilimtajia jina kwa mdomo, nikachagua nywila, basi; laptop ikakumbuka yenyewe na mimi sikuiangalia tena.

“Andika jina langu kama unavyoniita,” nikamwambia.

Akaandika kwa L. Nywila nikaingiza mwenyewe, jina la yule jogoo wetu mkorofi. Dada, ikafunguka! Mafaili yamejipanga, Mama juu kabisa. Kumbe bekapu haikufeli hata siku moja. Ilikuwa inafanya kazi kwa bidii, kwa mwanamke anayeitwa Nuliat. Nilipiga vigelegele mpaka muuza chapati wa nje akaja mbio na mwiko mkononi. Ssemakula alicheza. Hamim naye akasema yeye alijua tu yatapatikana. Huyo mume, tuache.

Usiisikilize peke yako jikoni. Ngoja siku ya hina, wanawake wote wakae, ndipo muiwashe. Usiogope kuipoteza, nakala nyingine ninazo, na hakuna iliyo Bwaise.

Kuna jambo moja. Kabla ya dua Mama ananiuliza kitu juu ya laptop, na Ssemakula alitaka kukata kipande hicho ili ianze vizuri. Nilikataa. Utamsikia mwenyewe, na kile Kiswahili chake cha Kawempe: “Nuliat, hiyo kitu iko nasikia mimi kweli?” Hata yeye, dada. Aliyenizaa na kunichagulia jina, hakuwahi kulitamka kwa R.

Inakusikia, Mama.

Msalimie shemeji Kasim, na Halimah, na Akram mtundu. Mpe chai nzito binamu yetu Abdunoor aliyekuletea bahasha hii, maana ameendesha basi hadi huko nayo mfukoni mwa shati. Mungu ampe Husnah nyumba yenye utulivu na watoto wanaosikia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Nuliat