Siku Chiriku Alipopewa Kipaza Sauti

Chumba cha Washonaji,
Ghorofa ya Pili, juu ya duka la rangi.
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji fundi miwani, na wale mapacha wenu ambao kwenye picha ya mwisho hawakuwa na meno ya mbele. Yameshaota? Na goti lako la kushoto limepoa, au bado linakuumiza kukiwa na baridi? Mimi ni mzima. Kutunga uzi tu ndiko kunanisumbua kidogo, lakini mtu akiniuliza namwambia sindano za siku hizi wamezipunguza matundu.

Mwandiko utauvumilia. Msomi ni wewe, mimi niliacha shule sijamaliza hata daftari moja la hesabu.

Habari kubwa ni ya mwanetu Chiriku, na unanijua, nikianza kumsifu huyu mtoto hata cherehani inanyamaza isikilize. Huu ni mwaka wa sita anacheza msichana wa posta katika ule mchezo wa nyimbo wa Mtunzi wetu, yule msichana anayebandika stempu kwenye barua za watu na yeye haandikiwi hata na adui. Picha yake iko ukutani nje ya ukumbi, ndefu kuliko mlango. Koti la buluu analovaa, lenye vifungo kumi na viwili, nimelishona kwa mikono yangu hii. Limemkaa kama ganda la yai. Hawezi kuketi nalo tangu pazia linapofunguka mpaka linapofungwa, na hajalalamika hata siku moja. Na anavyojitunza! Hata chumba chetu cha kukatia vitambaa haingii, akiniletea chakula hunipa mlangoni. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, mnaona, mwimbaji wa kweli huilinda sauti yake na vumbi.

Sasa nije kwenye lile unalolijua. Najua ulimwandikia aje kwenu, akae, ajifunze kusugua vioo vya miwani kwa shemeji. Aliniambia mwenyewe, hakunificha. Nilikukasirikia wiki mbili nzima, mdogo wangu, nakwambia wazi. Nilisema, mtu ana dhahabu mkononi, huyu anamwita akasugue vioo.

Maana ukumbi umemwandikia karatasi ya miaka mitatu mingine. Msichana yuleyule wa posta, wimbo uleule wa stempu. Mwisho wa kutia sahihi ni Ijumaa hii. Na yeye, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, aliniambia, "Mama, mimi sitaki. Lakini ukisema nitie, nitatia." Akaishia hapo. Kutia hatii bila neno langu, na kukataa hakatai bila neno langu. Karatasi ikakaa juu ya meza ya kupigia pasi kama mgeni asiyejua kuaga.

Neno langu lilikuwa tayari. Atie. Nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu wa hapa, mwenye duka la rangi, na yule mama wa ghorofa ya chini ambaye mwanawe ni rubani na hatupumzishi.

Halafu ikaja Jumapili, siku ya mashabiki. Wewe huijui, ilianza baada ya kuondoka kwako. Kila mwaka wapenzi wa michezo ya Mtunzi hukutana ukumbini saa nane mchana, kipaza sauti kinapita mkono kwa mkono, na anayetaka anasimulia siku yake ya kwanza kuusikia wimbo wa Mtunzi. Sheria ni mbili tu. Useme kweli, na usizidi urefu wa wimbo mmoja. Ukizidi, mpiga kinanda anaanza kupiga mpaka uketi. Mwaka huu redio ilikuja kurekodi, kwa hiyo milango ilifungwa, hakuna kutoka mpaka mwisho. Mimi nilikuwa katikati ya safu, magoti ya watu kulia, magoti ya watu kushoto, hata mkoba nilikuwa nimeupakata.

Mtunzi mwenyewe alikaa mbele, mzee mwembamba mwenye soksi za rangi mbili tofauti.

Tulicheka sana mwanzoni. Daktari wa meno, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alisema aliusikia wimbo wa stempu siku yake ya kwanza ya kazi. Mgonjwa alikuwa akiuimba kooni, mdomo wazi, kujipa moyo. Daktari akasikiliza mpaka akang'oa jino zima, bovu akaliacha. "Nikamwomba radhi mwaka mzima," akasema, "mwisho akanioa ili ninyamaze." Mume akasimama safu ya nyuma, akafungua kinywa watu waone pengo. Mwalimu wa udereva naye akasema wimbo ulimkuta kwenye mzunguko wa barabara, mwanafunzi kashika usukani, redio inaimba, na wote wawili hawakutaka kutoka kabla haujaisha. Walizunguka mara saba. Askari akadhani gari limeharibika.

Mimi nilikuwa nasubiri zamu ya Chiriku. Hadithi yake unaijua, nilikuandikia wakati ule. Kwamba akiwa na miaka tisa aliusikia wimbo mara moja tu kwenye redio ya hapa kazini, akauimba wote palepale bila kukosea, na mimi kwa mshangao nikaunguza kola ya shati la mteja. Nimeisimulia miaka kumi na tisa, mpaka ile kola sasa imekuwa suti.

Chiriku akapewa kipaza sauti. Alisimama wima, mkono mmoja nyuma, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliusikia wimbo huu redioni akasema, huu utaujua. Akaurekodi kwenye kaseti. Akanifungia chumba cha kukatia vitambaa, mimi na kaseti na chupa ya maji, akasema ukiumaliza bila kukosea, gonga. Alikuwa akinitoa jioni, asubuhi ananirudisha. Niligonga siku ya tatu. Kwa hiyo mkiniuliza nilianza lini kuupenda wimbo huu, sijui niwajibu nini. Nilichokipenda siku ile ni mlango ulipofunguliwa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Halafu mtangazaji wa redio akaruka na kusema haya ndiyo malezi, mama huyu shujaa yuko wapi, asimame tumwone. Wakaanza kupiga makofi. Jirani yangu wa kulia akanishika kiwiko na kuninyanyua. Nikasimama katikati ya watu, mkoba kifuani, ukumbi mzima unanipigia makofi kwa jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimelifunika kwa kola. Nikamtazama mwanangu. Na yeye alikuwa anapiga makofi. Pole pole, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Wakaniletea kipaza sauti. Mdogo wangu, mimi na maneno ni chanda na pete, lakini siku hiyo sikupata hata moja. Nilitaka kutoka, milango imefungwa. Nilitaka kuketi, jirani bado kanishika. Mpiga kinanda akanionea huruma, akaanza kupiga ili kuziba ukimya. Na akapiga nini? Wimbo wa stempu. Ukumbi wote ukageuka kumtazama Chiriku, kwa kuwa ukipigwa ule yeye ndiye huimba. Akaimba. Nani angemuuliza kama anataka?

Nimemwona akiuimba zaidi ya mara mia nne, nikiwa nyuma nahesabu vifungo vya koti. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwangalia macho. Alikuwa anaimba huku anautazama mlango wa ukumbi. Ndipo nilipojua kwamba chumba cha kukatia haingii si kwa sababu ya vumbi.

Nikuambie kweli yote, kwa kuwa wewe ni damu yangu. Nilimfungia kwa nia njema. Magari yalikuwa yanapita chini pale kama nyuki, na mimi nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza. Lakini si hayo tu. Nilitaka wimbo ule ukae nyumbani kwangu, na sauti yangu unaijua, nikimbembeleza mtoto mchanga anaamka. Siku ya pili aligonga akaniambia amechoka. Nikamwuliza kupitia mlangoni, umemaliza? Akasema bado. Nikarudi kwenye cherehani. Hilo sikuwahi kumwandikia mtu.

Tulipokuwa tunatoka Mtunzi alitusimamisha. Akamwambia Chiriku, "Mwanangu, wimbo ule niliutunga asubuhi moja, nikimsubiri fundi bomba. Sikukusudia umchukulie mtu siku tatu." Chiriku akamjibu, "Miaka kumi na tisa, mzee." Akamuaga vizuri, tukaondoka. Njiani alinibebea mkoba.

Usidhani nilibadilika palepale. Jumatatu asubuhi mwongozaji wa mchezo alipanda ngazi mpaka hapa kazini, mtu mpole, kaleta kalamu yake mwenyewe. "Mama," akasema, "ni neno lako moja tu." Nikaichukua ile karatasi nikainyoosha kwa kiganja. Nikafikiria ile picha ukutani. Nikamfikiria mama wa rubani. Nilikuwa na neno mdomoni, nalimung'unya kama pipi. Nikamwambia arudi Ijumaa.

Alipotoka, mwenzangu wa kazini tunayemwita Mama Vifungo, ambaye alikuwapo wakati ule na aliusikia ule mlango ukigongwa, aliendelea kushona. Nikajitetea bila kuulizwa. Nikasema, si ndivyo tulivyolelewa, samaki mkunje angali mbichi. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Sawa dada. Ila ukishamkunja si humwachi akaogelee? Wewe unaye kwenye sahani mpaka leo."

Nilimnunia mpaka saa ya kutoka.

Jana mchana Chiriku aliniletea mkate na chai kama kawaida, akasimama mlangoni pa chumba cha kukatia, akanyoosha mkono. Nami niko ndani, mkasi mkononi. Tulikuwa mbali hatua nne. Kila siku mimi hukaa nikasema weka hapo. Jana niliweka mkasi chini nikatoka mimi. Nikamwambia tukae kwenye ngazi. Tukakaa, watu wanapita wanaturuka.

Nikamwambia, "Usitie sahihi. Nenda kwa mama yako mdogo. Radhi yangu unayo yote, sijabakiza."

Akauliza, "Na watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia binti yangu yuko kwenye miwani, na hakuna anayesugua vioo kama yeye."

"Mama, hata sijaanza."

"Kwani mimi niliwahi kusubiri uanze?"

Akacheka, mdogo wangu. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye ngazi. Kisha akalia kidogo, nami nikamwacha, sikumwambia nyamaza. Nilimwomba msamaha wa ule mlango. Aliniambia amenisamehe siku nyingi, alikuwa anasubiri tu niombe. Hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Karatasi nimeirudisha asubuhi hii, mwenyewe kwa miguu yangu. Mwongozaji alishika kichwa. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamempata msichana mwingine, na koti nimeambiwa nilipanue. Mimi huku nitabaki na kuta zangu nne na yule mama wa rubani, ambaye tayari kaniuliza kwa sauti ya huruma kama Chiriku ni mgonjwa. Nimemwambia ameitwa. Hakuuliza na nani.

Anaondoka kesho, na barua hii nitaitia mkobani mwake, nikishaibandika vizuri. Ukiisoma atakuwa hapo kwako, pengine anakutazama. Usimtazame kwa huruma, hapendi.

Unisalimie shemeji, mwambie huyu mtoto ni mwepesi wa kushika kazi, ila amfundishe taratibu. Mapacha nao unisalimie, na mama mkwe wako, mwambie lile gauni lake la kijivu bado ninalo na kiuno nimekilegeza. Mama Vifungo anakusalimu, tumepatana. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na mkono wenu usipungukiwe.

Nina ombi moja tu, nalo nakuomba kama mkubwa wako. Wageni watakuja dukani, watamtambua, watasema dada tuimbie kidogo. Na wewe pia utatamani, nakujua. Usimwombe aimbe. Hata siku ya kuzaliwa kwa mapacha, usimwombe. Na ikitokea siku ukamsikia jikoni anaimba mwenyewe, iwe wimbo wowote, hata wa hovyo, usiingie. Endelea na kazi yako. Halafu uniandikie ulikuwa wimbo gani.

Mimi dada yako, anayekupenda tangu ukiwa humjui,

Mama Chiriku